Mfereji Mwekundu wa Baba

Mgeni akija kwetu Hail mwezi wa Juni, kabla hajaonyeshwa pa kulala huonyeshwa mifereji. Huu wa buluu usiuguse. Ukitaka maji baridi, fungua mwekundu. Mgeni hucheka, hudhani anafanyiwa mzaha, kisha huufungua ule wa buluu kwa ubishi wake, na ukelele wake husikika mpaka jikoni. Mie huwaacha tu. Mtu mbishi hafunzwi kwa maneno.

Sababu yenyewe nyepesi. Matangi ya maji hapa Maskati yako juu ya mapaa, jua linayapiga kutwa, na mfereji wa buluu unatoa maji moja kwa moja kutoka huko. Adhuhuri ya Juni unaweza kunyonyolea kuku. Mfereji mwekundu unapitia kwanza kwenye hita, na hita yenyewe ni pipa la chuma lililotundikwa ukutani ndani ya bafu, kivulini, ubaridi wa AC unaifikia. Basi likiingia joto tunaizima. Maji yanakaa mle pipani, yanatulia, yanapoa, na mtu anaoga kama binadamu. Miezi ya baridi hita yetu inachemsha, miezi ya joto inapoza. Nyumba zote nnazozijua mjini zinafanya hivyo, wala hakuna aliyekaa darasani kufundishwa.

Kwa watu wengine hiyo ni raha tu. Kwa babangu, Mzee Harub, lilikuwa jambo la kubaki na mguu au kuukosa.

Baba ana sukari ya miaka mingi, na sukari imemla hisia za miguu. Akikanyaga kipande cha gilasi hageuki. Na mgongo wake haumruhusu kuinama, kwa hivyo akitawadha hukaa juu ya kigoda mbele ya mfereji wa chini, anaosha mikono, uso, anapaka kichwa, kisha ananyoosha miguu na kuyaacha maji yaimwagikie. Mwaka juzi alipitiwa, akafungua wa buluu. Sasa sikiliza ubaya wake. Maji ya mwanzo ni yale yaliyolala kwenye bomba ndani ya ukuta, mabaridi. Ya tangini yanafika baadaye kidogo, na udhu mtu humalizia miguuni. Basi mikono ilipata maji baridi, uso ukapata maji baridi, na miguu, ile ile isiyohisi kitu, ikapata ya kuchemka. Tulijua alipotoka nje, ngozi imebaki kwenye ndara. Wakamkata vidole viwili, na daktari akatwambia bila ya kuficha kuwa akiungua tena watakata kwenye goti.

Kakangu Hatem pale pale akasema atafutwe mtu, mwanamme, wa kumtawadhisha Baba. Baba alikuwa bado yuko kitandani hospitali, mguu umefungwa. Akamtazama mwanawe.

"Hatem, siku nitakayotawadhishwa na mtu, msihangaike kunirejesha kitandani. Nitieni sanda kabisa."

Hakuwa akitania. Huyu ni mtu aliyepima barabara za nchi hii kwa miguu, milima na mabonde, zama lami ilikuwa ya kuhesabika. Mkewe, mamangu, alipofariki, alikataa kufuliwa nguo hata na mie binti yake niliyeachika nikarudi kukaa naye. Alilobaki nalo la peke yake ni lile bafu na ule mlango anaoufunga mwenyewe mara tano kwa siku.

Aliyesuluhisha ni wifi yangu Mazoon, mke wa Hatem, wanaokaa ghorofa ya juu. Nnataka nikwambieni Mazoon ni mtu gani. Kwao ni Tabora. Sisi wa Unguja tuna kiburi chetu, sikatai, na alipoolewa tulimcheka kwa Kiswahili chake cha bara na kwa kicheko chake kinachotangulia mlangoni kabla yake. Yeye akatujibu kuwa Kiswahili chetu kitamu lakini hatumalizi kazi. Anafanya kazi benki, kwenye meza ya malalamiko, na kila siku watu wanamfokea. Akifika nyumbani hakuna wa kumtisha. Mwili anao, sauti anayo, na ukibishana naye ujue umeshakula chakula cha mchana, maana cha usiku huenda kikakukuta hapo hapo.

Yeye alichukua bisibisi, akaingia bafuni kwa Baba, akakifungua kishikio cha mfereji wa buluu, akakitia kwenye mkoba wake. Ukabaki msumari mtupu usiozungushika. Kisha akaja mbele ya Baba na Hatem.

"Baba, bafu ni lako na mlango ni wako. Joto likiingia nakichukua kishikio, baridi ikiingia nakurudishia, na hita naiweka iyapashe maji kidogo tu, isichemshe. Mwekundu ndio wako. Hapo utaungua na nini?"

Hatem akakubali, lakini kwa sharti. Likitokea jeraha moja tu la maji, hata dogo, yule mtu wa kumtawadhisha Baba ataletwa, na Baba asibishe. Baba akasema haya. Tangu siku hiyo Mazoon anakwenda kila mahali na kishikio cha mfereji mkobani. Harusini mtaa wa Bustan aliwahi kutoa kitambaa apanguse jasho, kikaanguka kishikio mbele ya mama wa bwana harusi, kikabingirika mpaka chini ya meza ya halua. Watu wakauliza kulikoni. Mazoon akasema, "Hiyo ni amana ya baba mkwe wangu," akainama na mwili wake wote akakitafuta. Nilicheka mpaka wanja ukanitoka, lakini moyoni nilisema, Mungu ametupa mtu.

Sasa mwaka huu, joto limeshakolea, hita ikapasuka. Ilikuwa ya zamani, kutu imeila kitako, na asubuhi moja tukaamka ukumbi mzima maji. Mazoon akawa kila usiku anateka ndoo, anaiacha ipoe, alfajiri anaiweka mlangoni kwa Baba. Akamwambia mumewe anunue pipa jingine kama lile, na akarudia, kama lile. Siku ya Ijumaa yeye alikuwa na safari ya Bustan, nduguye kajifungua. Akatwambia kama fundi atakuja, angojwe arudi.

"Nikungoje weye, kwani weye ndo fundi?" Hatem akamjibu huku anacheka.

Kakangu namjua. Ni mhandisi, moyo wake mzuri, na anapenda kitu kipya kuliko mtoto wa miaka mitano. Alikwenda mtaa wa Ghala kwenye maduka ya vifaa, akalipita pipa, akarudi na kisanduku kilichofichwa kwenye buti ya gari ili atustaajabishe. Ijumaa asubuhi, Mazoon keshaondoka, fundi akaja, na kisanduku kikafunguliwa. Humo mlikuwa na hita nyembamba, nyeupe, isiyo na pipa. Hii haiweki maji, inayapasha yanapopita tu. Mbele ina kioo chenye namba za kijani.

"Baba, unaona hapa? Thelathini na nane. Nimeifunga hapo hapo, haitapasha zaidi hata ukiiomba. Huna khofu tena. Wala yule mtu hatumhitaji maisha."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake. Akayatazama yale maandishi ya kijani, uso ukamchanua.

"Na mwekundu ndo wangu bado?"

"Ndo wako, Baba. Siku zote."

Hatem akaufungua kidogo, maji yakatoka mabaridi, Baba akayagusa kwa vidole, akasema mashaallah. Mie nilipita na sinia la mchele, nikatia jicho, nikasema mashaallah vile vile. Fundi akakusanya vyombo vyake akawahi msikitini. Pipa la zamani likatupwa nje ya geti liokotwe na watu wa vyuma. Hatem akapanda juu kuvaa. Baba akaingia bafuni kujitayarisha kwa sala ya Ijumaa, nikasikia komeo.

Mie niko jikoni, pilau iko motoni, gari la Mazoon likasimama. Kupitia dirishani nikamwona anashuka, mkononi kabeba mkate wa kumimina aliopewa kwa nduguye. Akaliona pipa la kutu limelala chini. Akatazama pembeni akakiona kisanduku kitupu, kidogo, cha kuingia viatu vya kike. Akasimama. Nikamwona anakitazama kisanduku, kisha pipa, kisha tena kisanduku, kama mtu anayetafuta kitu kilichopungua.

"Wifi!" akaniita pale pale nje. "Baba yuko wapi?"

"Bafuni, anatawadha. Njoo uone Hatem alivyotuletea—"

"Toba!"

Mkate akautua juu ya boneti ya gari, kwenye moto wa jua, na akatoka mbio. Sijapata kumwona Mazoon anakimbia. Baibui kalikamata kwa mikono miwili, viatu kaviacha uani. Nilidhani anakwenda kugonga mlango wa bafu, na nikashtuka, maana mkwe kumgongea baba mkwe akiwa ndani ni jambo la aibu kwa wote wawili. Hakwenda huko. Alikata kona ya jikoni akaenda ukutani, kwenye koki kuu inayoleta maji nyumba nzima, akaishika kwa mikono miwili akaizungusha mpaka mwisho. Maji ya mfereji wangu wa jikoni yakafa hapo hapo.

Tukawa tunatazamana, yeye anahema, mie mwiko mkononi, bado sijafahamu kitu. Kisha sauti ya Baba ikatoka bafuni.

"Mahbuba! Maji yamekatika!"

Mahbuba ni mie, nikafungua mdomo. Mazoon akanizuia kwa kidole, akameza pumzi, na akajibu kwa sauti ya mtu aliyekuwa amekaa anachambua mchele.

"Tangi limekauka, Baba! Umefika wapi?"

"Nimepaka kichwa. Imebaki miguu."

Mazoon akafumba macho. Nikaona midomo inamtetema, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kisha akasema, "Basi ngoja hapo hapo nakuletea ndoo, usiguse kitu!" Akachukua dumu la maji ya kunywa lililokuwa jikoni, akalimimina kwenye ndoo, akakunja mkono wa baibui akatia kiwiko, kama anavyojaribiwa maji mtoto mchanga. Akaibeba mpaka mlangoni, akaitua, akagonga mara moja. "Ndoo iko hapa, Baba. Mie naondoka." Akarudi nyuma kwa kishindo makusudi, ili asikie kwamba kweli ameondoka. Komeo likalia, mkono wa Baba ukatoka, ukaivuta ndoo ndani.

Hapo ndipo akanieleza, kwa kunong'ona. Ile hita mpya haina pipa. Maji hayana pa kukaa yakapoa. Inajua kupasha, haijui kupoza. Yakifika ya moto kutoka juu ya paa, yanapita kama yalivyo. Yale mabaridi aliyoyagusa Baba asubuhi ni yaliyolala bombani tu. Na Baba, kwa mazoea ya nyumba hii, mwekundu kwake ni baridi. Mtu mwingine yeyote duniani angeuogopa mfereji mwekundu. Sisi watu wa Maskati ndio tunaoukimbilia.

Baba akatoka anang'ara, kanzu nyeupe, anaondoa matone ndevuni. Mazoon akapiga magoti kumwekea ndara zake sawa, jambo analolifanya kila siku, na nikaona macho yake yanapita juu ya ile miguu, wayo, visigino, vidole vilivyobaki. Mizima. Hata wekundu hakuna. Baba akaenda kukaa kibarazani amngojee mwanawe.

Mazoon akafungua koki, akamwita Hatem bafuni. Hatem akaja na uturi wake, kilemba kizuri, tabasamu limejaa.

"Umeiona? Sema umeiona."

Mazoon akafungua mfereji mwekundu akauacha unamwagika, na yeye huku anajipitishia mikono hewani, mikono, kinywa, uso, kichwa, polepole, anavyofanya Baba. Kisha akamwonyesha mumewe maji.

"Tia mguu."

"Mazoon, watu wanakwenda kusali."

"Tia mguu, Hatem."

"Haya nawe! Maji moto hayaunguzi nyumba."

"Nyumba haina vidole. Tia."

Akavua ndara, akautia mguu kwa maringo. Wallahi aliruka mpaka kilemba kikamwendea puani. Akashika ukuta, mguu mmoja juu, anapuliza kama anapuliza mkaa. Na kile kioo cha kijani kikaendelea kuandika thelathini na nane.

Nilitaka kucheka. Nikamtazama usoni, kicheko kikanikauka. Mhandisi alikuwa ameshafahamu. Akakaa juu ya kigoda cha Baba, mguu wake umeiva, akazika uso mikononi.

"Kidogo nimkate babangu mguu kwa mikono yangu," akasema. "Na nimemwambia mwenyewe asiogope."

Sasa hapa ndipo ninapompendea Mazoon. Mie ningemsema Hatem mpaka Ijumaa ya pili. Mie ulimi wangu najua ulivyo. Yeye aliinama akamtazama ule mguu, akaufunika kwa taulo lililoloweshwa.

"Ulitaka amani yake. Haikuwa hivyo. Sasa twende tukalete pipa."

"Hapana. Tulete yule mtu," Hatem akasema. "Mie siwezi tena, Mazoon. Leo umewahi. Kesho je? Kila akifunga ule mlango mie nife?"

Hapo sauti yake ya meza ya malalamiko ikatoka, lakini ya chini, Baba asisikie. "Nani amekosea leo, ni Baba? Baba alifungua mfereji aliopangiwa. Sharti lilikuwa jeraha, jeraha liko wapi? Nionyeshe! Jeraha liko mguuni kwako, basi wa kutafutiwa mtu ni weye. Mwanamme mzima anawekwa mtu wa kumuosha kwa kosa la mwanawe? Haki iko wapi hapo?"

Hatem akamtazama mkewe, kisha akautazama mguu wake.

"Na Baba asijue," Mazoon akaongeza. "Akijua ataogopa mifereji yake mwenyewe, na mtu akishaogopa atamwita mtu amshike mkono. Tangi lilikauka, basi, khalas."

Hatem alikwenda kusali anachechea, akamwambia Baba amejikwaa. Jioni pipa likaja, jipya, zito, fundi na Hatem wakalibeba wote wawili wakihema, na likatundikwa pale pale lilipokuwa la zamani. Kisanduku cheupe kikarudi Ghala. Mazoon alisimama mlangoni muda wote kama polisi, na pipa lilipojaa akalipiga piga kwa kiganja, akasema, "Lala hapo, upoe." Mkate wa kumimina tuliukuta juu ya boneti umeiva mara ya pili. Tukaula hivyo hivyo.

Siku kadhaa zikapita. Jioni moja, baada ya magharibi, tumekaa kibarazani sote, kahawa na tende, Baba akaiweka chini fenjani yake.

"Mazoon, mwanangu."

"Labeka, Baba."

"Lile tangi la juu nililinunua mimi, na nililipima mimi. Tangi la nyumba nzima. Halijapata kukauka adhuhuri tangu tuhamie hapa."

Hatem akaacha kutafuna. Mie nikaitazama sakafu. Mazoon, mtu ambaye benki nzima haimnyamazishi, akaanza kuzihesabu tende.

"Halafu mwanangu mmoja amejikwaa, na aliyejikwaa amevimba juu ya mguu, hakuvimba kidole. Na hita nyeupe imeondoka. Mie nimekula chumvi nyingi, sikuhitaji kuambiwa." Akamgeukia Hatem. "Nawe usilie lie. Ulikusudia kheri."

"Baba, nisamehe," Mazoon akasema. "Nilisema uwongo."

"Ulisema. Na ulipokuja mlangoni na ndoo, uligonga mara moja, ukaondoka kwa kishindo nikakusikia. Ungeweza kuuvunja mlango, na hakuna ambaye angekulaumu. Mlango wangu ukaniachia." Akazungusha tasbihi. "Sasa nisikilizeni, nakuusieni, na Mahbuba ni shahidi. Ipo siku nitaoshwa na watu, nipende nisipende. Wataniosha wanaume, Hatem na wenzake, ndivyo ilivyo. Lakini wanaume hawayajui maji. Siku hiyo maji yangu yasinimiminikie mpaka Mazoon ameyatia kiwiko kwanza."

Mazoon akaufungua mkoba anatafuta kitambaa, machozi yameshamshinda, akapekua, akapekua, na kishikio cha buluu kikamponyoka, kikaanguka kwenye marumaru, kikabingirika mpaka kwa Baba.

Baba hawezi kuinama. Aliunyoosha mguu, ule ule uliokatwa vidole, akakisukuma polepole mpaka kikamfikia mkwewe.

"Kiokote, mwanangu," akamwambia. "Bado joto."